Hesabu Uliyomfundisha Zuhura

Baba Mwanaasha,

Mie huku mzima wa mwili, ila roho imechafuka, na nimeona nikuandikie weye mwenyewe kabla sijamtapikia mtu mwingine. Nimekukasirikia. Nilidhani nimemaliza kulia, kumbe wivu ulikuwa unangoja zamu yake.

Ulipofariki, dada yako aliamua mie na mke mwenzangu Zuhura tukae eda pamoja hapa Chumbageni, kwa kuwa nyumba yake ya Pongwe ilikuwa ya kupanga na mwenye nyumba aliitaka. Niliitika kwa mdomo tu. Moyoni nilisema eda ikiisha, Zuhura atafute pa kwenda. Miaka yote tulikugawana kwa zamu, na sikuona sababu ya kugawana naye hata msiba wako.

Basi juzi oveni ikazima. Ile uliyonitengenezea kwa mikono yako, ninayookea mikate ya kumimina, wateja wakaja kuchukulia dirishani. Koili, ule waya wake wa kutoa moto, imekatika katikati. Na fundi wa kiume haingii nyumba yenye wajane wawili wa eda. Dada yako kakaa mlangoni kama komeo. Mie nikajitia ufundi. Nikachomoa waya ukutani, nikakata kipande cha koili kilichoungua, nikaunga ncha mbili zilizobaki. Nikajisemea, koili imekuwa fupi, moto utapungua, kwa hiyo mikate niiache muda zaidi. Mikate ikatoka nyeusi tii, ukumbi mzima moshi, dada yako anakohoa huku anamtaja Mola. Sikuwa na pa kuuficha uso.

Zuhura akaja. Hakucheka, na heri angecheka. Akatoa mita yako ya kupimia umeme kwenye kisanduku cha vifaa, akaibana kwenye waya mmoja, akawasha. Ikasoma ampea kumi na moja na nusu. Akaniambia ukutani mna volti mia mbili thelathini: zigawe kwa ampea, unapata ukinzani, omu ishirini. Zizidishe volti kwa ampea, unapata nguvu, wati elfu mbili mia sita arobaini na tano. Zamani oveni ilikula ampea kumi, kwa hiyo ukinzani ulikuwa omu ishirini na tatu, na nguvu wati elfu mbili mia tatu. Koili ikifupishwa, ukinzani unapungua, umeme unapita kwa wingi, moto unazidi. Aliyasema taratibu, kwa mwendo wako, na alipofika penye kuzidisha akainua kidole vilevile ulivyokuwa ukiinua weye.

Nimeishi nawe tangu u fundi umeme mchanga, hata ngazi unaazima, nimekufulia maovaroli, nimekukanda mgongo. Siku niliyokuuliza hiyo mita inasema nini, ulinijibu, "Weye nipikie tu, hesabu niachie mie." Nikaona hayo ndiyo mahaba. Kumbe hesabu ulikwenda kuzimwaga Pongwe! Mke mdogo kafundishwa, mke mkubwa kaachiwa sufuria.

Nikamkabili mle mle ndani ya moshi. Nikamuuliza alikupa nini hata ukamfungulia kichwa chako. Nilitaka aseme neno moja baya, nimchukie vizuri. Akaweka mita chini, machozi yanamlenga.

"Dada," akaniambia, "mie kwangu nilikuwa na jiko la mkaa. Kila alichonifundisha ni oveni yako. Zamu yangu ikifika, mazungumzo ni oveni ya Mama Mwanaasha, inakula ampea ngapi, ina omu ngapi. Nilijifunza ili na mie niwe na la kuzungumza naye. Hiyo oveni nimeionea wivu mpaka nikaiota."

Nilikwenda zangu jikoni nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikalia kama siku ya kwanza. Nikwambie ukweli, mwanzo nilifurahi. Nilifurahi kwamba hata ukiwa kwake ulikuwa unanitaja. Halafu wivu ukarudi kwa mlango wa uani. Kwangu ulikuja ukala, ukasifu mkate, ukalala. Hayo yote uliyokuwa ukiyasema juu yangu, mbona hukuniambia mwenyewe? Yeye alipewa maneno, mie nikapewa oveni.

Jana tumeunga kipande cha koili ya akiba, tukakipunguza kidogo kidogo mpaka mita ikarudi ampea kumi. Mie ndiye niliyepiga hesabu. Mara ya kwanza nilizidisha nilipotakiwa kugawa, nikapata omu za kutisha, akanisahihisha bila kunibeza. Mikate imetoka ya rangi ya maji ya kunde, na wa kwanza tumeula sisi wawili.

Mola akupanulie kaburi lako, mume wangu, akutilie nuru. Kinyongo nimekusamehe nusu, nusu nabaki nayo nijue nilikuwa na mume. Na ahadi yangu ni hii: eda ikiisha, Zuhura haendi popote. Usitabasamu huko, si mapenzi. Mwanamke huyu ana maneno yako tele kichwani, na hatoki mlangoni kwangu mpaka anipe yote, hata yale ya waya.

Mkeo wa kwanza,
Mama Mwanaasha