Koti Lilikuwa Moja

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Sisi wazima, ila goti langu linalia kama mlango mbovu. Anayeniandikia ni binti wa jirani, na nimemkataza kulainisha neno hata moja. Umeniuliza kama posa ya huyo kijana wako tuipokee. Nitafika huko.

Picha yenu ya mlimani nimeiona. Nani alikudanganya kwamba mlima unapandwa kwa jinzi wakati wa mvua? Jinzi ikilowa ni mzigo, na haikauki mpaka ikutie homa. Na hivyo viatu vya kitambaa! Hivyo ni vya kwendea dukani. Mvua inataka buti zenye meno, sweta la sufu, na nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, siyo huo mkoba wa harusini.

Sasa huyo bwana. Unasema mvua iliwakuta njiani na koti lilikuwa moja. Pichani namwona amelivaa yeye, kafunga zipu mpaka kidevuni, mkavu kama kuni, na wewe pembeni unatetemeka huku unacheka.

Binti wa jirani anasema, "Bibi, labda walipokezana."

Nikamwambia, "Wewe andika, acha uwakili."

Mtu anayekutazama ukilowa, siku ukiumwa atakuchemshia maji? Mimi nasema hapana, na baba yako nitamwambia hivyo hivyo.

Nakutumia koti la marehemu babu yako. Ni pana, mvua ikinyesha tulikuwa tunaingia wawili. Huyo wako akisogea, funga vifungo.

Bibi yako, anayekupenda mpaka anakasirika