Injini ya Katekista

Urambo, Tabora
18 Machi 2024

Mtani wangu Mwinjuma, mvivu mkuu wa Chanika,

Nakusalimu kwa heshima usiyostahili. Mie sijambo, ila miguu imevimba kwa safari ya basi. Saumu inakwendaje? Mama mpe shikamoo yangu, mwambie mihogo ya nazi aliyonifungia niliimaliza kabla hatujafika Morogoro. Na mdogo wako Zubeda mwambie apunguze mawazo, bwana harusi hatatoroka.

Utauliza kwa nini barua wakati simu tunazo. Kwa sababu kwenye simu wewe unacheka tu mpaka salio linakatika, na hili nililonalo ni zito.

Baba amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote umekufa. Kuongea anaongea, taratibu, na masikio ni mazima kuliko yangu. Nilipoingia, kabla hata ya kuniuliza habari za Dar, alisema, "Injini yangu bado inanguruma?" Nikamwambia ipo, tumeifunga kwenye gari tunalounda, gari la watu wawili, la chini, la mbio. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Wewe unajua. Miaka yote ya ukatekista alizunguka makanisa ya vigango vijijini na pikipiki ile ya padri, na padri aliporudi kwao akamwachia. Ulikuwepo siku tulipokuja kuichukua injini ya pikipiki hiyo, ulimwona alivyoiwasha uani akakataa kuizima.

Sasa anataka kuisikia mara moja kabla hajafa. Hataki dawa, hataki askofu, anataka hiyo. Gari haliwezi kufika huku, kwa hiyo mrekodie, unitumie kwenye simu ya mpwa wangu. Kabureta ya kushoto ipo mezani kwako, ifunge kwanza.

Ila nakuomba kama ndugu, siyo kama mtani: usilitembeze mpaka nirudi. Injini ile haina maji, inapozwa na upepo tu. Ndiyo maana tuliiweka mbele, silinda zikachomoza nje kushoto na kulia zipigwe na hewa. Iwashe kidogo, rekodi, zima. Usiifunike na kitu chochote.

Mtani wako,
Apolinari


Chanika
2 Aprili 2024

Mtani wangu Apolinari, mpagazi wa babu yangu,

Waalaikum salaam hata kama hukuniambia salaam aleikum. Sie wazima, njaa tu ya mchana. Mama amesema pole sana, na anamwombea mzee kila baada ya tarawehe. Mie pia imeniuma. Mzee yule aliniita "mtumwa wangu" siku ya kwanza tu kuniona, nikajua nimefika nyumbani.

Kabureta nimeifunga. Jana baada ya futari nikaiwasha. Mtani! Mbuzi wa jirani walikata kamba. Watu walijaa uwanjani kama kuna ngoma. Sijarekodi bado kwa sababu simu yangu kioo kimepasuka na sauti inakwaruza, nisije nikampa mzee kelele. Zubeda ananunuliwa simu mpya, nitaiazima.

Harusi ni baada ya Idi. Hao wakwe wa Sinza wanatuchosha. Wana kumbi, wana baa, na mjomba wao mmoja, Twaha, alisema mbele ya mama kuwa magari ya msafara wataleta wenyewe, maana watu wa Chanika wana baiskeli. Nilicheka, lakini lilinikaa kooni. Nikatazama gari letu pale chini ya turubai nikasema, haya, siku moja mtajua.

Mwambie mzee asubiri kidogo. Ahadi ni deni.

Mtani wako na bwana wako,
Mwinjuma


Urambo
6 Mei 2024

Mtani,

Hujambo wewe? Mama hajambo? Harusi naamini ilikwenda salama, hongereni. Sie huku tunavuta siku.

Nimepiga simu mara nyingi, hupokei. Idi imepita, harusi imepita, na mlio sijauona. Baba kila asubuhi anamuuliza mpwa wangu, "Simu imeleta?" Sasa hivi hanywi uji mpaka aulize. Jana nilimwambia Dar kuna mvua, ukweli ni kwamba sijui kama kuna mvua.

Kama kuna tatizo niambie tu. Kama kabureta imesumbua, sema, nitakuelekeza. Acha utani kidogo, kisha tutaendelea nao.

Mtani wako,
Apolinari


Chanika
14 Mei 2024

Mtani wangu,

Salamu kwa wote. Sie wazima, tope tu. Mvua kweli ipo, hukudanganya. Nisamehe, harusi ilinimeza na kunitema.

Nimeshakutumia mlio kwa simu leo asubuhi. Mwekee mzee sikioni. Mwambie mtumwa wake anamsalimu.

Mtani wako,
Mwinjuma


Urambo
19 Mei 2024

Mtani,

Salamu zako nilizifikisha. Mie sijambo kwa mwili.

Tulimwinua baba tukamwekea mto mgongoni. Mama mdogo aliita majirani, wakaja na wazee wawili wa kigango, maana habari ilikuwa imeenea. Nikaweka simu sikioni mwake. Alifumba macho. Mlio ulipoisha akasema, "Tena." Nikarudia. Ulipoisha mara ya pili alifumbua macho, akanitazama mie, siyo simu, akasema, "Apolinari, umeiuza."

Nilidhani ni ugonjwa unaongea. Nikachukua simu, nikatoka nje, nikasikiliza peke yangu. Mwinjuma, ile ni bajaji! Bajaji inayopandisha kilima. Hata mpwa wangu alijua.

Nilirudi ndani nikamwapia kwa jina la marehemu mama kwamba sijauza kitu. Akageukia ukuta. Baba yangu anadhani nimeuza injini yake nikala, kisha nikamletea mlio wa kumdanganya akiwa kitandani.

Sikuulizi sasa hivi imetokea nini. Nataka kitu kimoja. Piga simu, nimwekee sikioni, umwambie kwa mdomo wako kwamba siyo mie. Wewe atakuamini, ni mtu wa nje, tena anakupenda. Iwe umeivunja, umeiuza, umeitupa baharini, kwangu ni sawa. Mwambie tu siyo mie. Piga upesi, hali yake si nzuri.

Apolinari, mtani wako


Chanika
3 Juni 2024

Mtani wangu, ndugu yangu,

Mama anakusalimu. Mie afya ninayo, uso ndio sina.

Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo nasema. Siku ya harusi nililitoa gari. Nilitaka Zubeda aondoke kwetu kwa kitu ambacho Sinza nzima hawajawahi kukiona. Akinadada walilipamba, vitambaa vyeupe na dhahabu na maua, mbele pote, wakazungushia mpaka kwenye silinda kwa sababu walisema zinachafua shela. Nilikumbuka maneno yako, wallahi nilikumbuka. Nikasema ni hapa na hapa tu. Matarumbeta yako mbele juu ya pikapu, sie nyuma tunatambaa mwendo wa miguu, watu wanacheza barabarani, huwezi kuwapita. Upepo utoke wapi? Karibu na Gongo la Mboto kitambaa kilianza kunuka, kisha injini ikanoki na kusimama kabisa. Zubeda alimalizia safari kwenye gari la Twaha. Unaweza kufikiri alivyocheka yule bwana.

Nikampelekea fundi mmoja wa Tandika, Mashaka. Akasema acha, nitaifufua. Baada ya wiki tatu akanitumia mlio kwenye simu, akasema tayari, imepona. Nami nikakutumia vilevile ulivyokuja. Mtani, mie sikujua! Injini ni injini, sikio langu halipambanui. Nilipokwenda kuichukua ndipo nikaambiwa ilishauzwa chuma chakavu, na ule mlio ulikuwa wa bajaji ya mteja. Ametudanganya wote wawili.

Kumpigia mzee nimeshindwa. Nimeshika simu mara kadhaa, nikairudisha mfukoni. Nitamwambiaje mtu mzima yule? Msomee barua hii, ukweli wote umo.

Nisamehe. Mtani hakasirikiwi.

Mtani wako mkosaji,
Mwinjuma


Chanika
9 Julai 2024

Mtani wangu Apolinari,

Nimefika salama nyumbani. Mbavu tu zinauma kwa basi lenu la kimaskini. Mama anakupa pole tena, anasema Mungu ampumzishe mzee. Poleni nyote, mpe pole na mama mdogo.

Nashukuru mlivyonipokea. Niliposikia amefariki nilisema hata kwa kutambaa nitafika, Mnyamwezi hazikwi bila Mzaramo kumsumbua. Umeona nilivyokaa kwenye ukingo wa kaburi nikakataa lisifukiwe mpaka nipewe kuku? Wajomba zako walitaka kunisukuma ndani! Na ulipokuja mwenyewe na yule jogoo mweupe, ukanipa kwa mikono miwili, roho yangu ilitulia. Nikajua yale yamekwisha. Ndiyo raha ya utani, mambo yanaishia palepale, mtu hapeleki kinyongo kaburini.

Shangazi yako ameniambia hajacheka hivyo tangu mzee augue. Namshukuru Mungu nilipata cha kumfanyia.

Sasa rudi Dar, mpagazi. Bodi la gari bado zuri. Tutatafuta injini nyingine, na safari hii utakuwepo mwenyewe kuniwekea ulinzi.

Mtani wako daima,
Mwinjuma


Urambo
28 Julai 2024

Ndugu Mwinjuma,

Habari za huko. Natumaini mama yako ni mzima, na Zubeda na mumewe. Sisi tupo, tunajizoeza.

Barua yako nimeipata. Unasema yamekwisha kwa kuwa nilikupa jogoo. Nilikupa kwa sababu watu walikuwa wanatazama na baba alikuwa bado hajafukiwa. Mtani hakasirikiwi msibani, nilifundishwa hivyo na baba huyohuyo.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hapa. Ile barua yako ya mwezi wa sita nilimsomea baba yote, harusi, maua, matarumbeta, Mashaka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umeandika vizuri." Alidhani nimeitunga mwenyewe, Mwinjuma. Nilikuomba sauti yako ukaniletea karatasi, na karatasi hata mie ningeweza kuiandika. Tangu siku ile hakuitaja tena injini. Aliniacha nimlishe, nimgeuze, nimuoshe, ila uso alikuwa anaupeleka ukutani. Amekufa akiamini kwamba mtoto wake ni mwizi na mwongo.

Hata hivyo wewe nilikuamini. Nilijiambia, huyu ni mpenda sifa tu, fundi kamchezea, sikio lake halipambanui. Ndiyo maana uliposhuka kwenye basi nilikukumbatia, nikalia begani kwako.

Kisha ukavaa koti la baba. Ukalaza kinu chini, ukakipanda kama pikipiki, ukashika usukani wa hewani, ukaanza kunguruma kwa mdomo. Watu waliangua kicheko, shangazi analia na kucheka pamoja. Mie nilisikiliza. Silinda ya kushoto ya injini ile ilikuwa na uchelewaji ambao baba hakuutengeneza maisha yake yote, kwa hiyo kila baada ya muda mlio ulikuwa unajikwaa, unakata pumzi, ndipo unaendelea. Nawe ukanguruma, ukajikwaa, ukakata pumzi, ukaendelea. Palepale. Wale wazee wawili wa kigango walipiga makofi wakasema, "Ndiyo yenyewe!"

Kumbe sikio lako linapambanua kuliko la fundi yeyote ninayemjua. Ulipousikia ule wa bajaji ulijua. Ulijua na ukautuma, ukakisia kwamba mgonjwa masikio yake yatakuwa yamekufa. Kisha uliposikia ameng'amua, ukanyamaza mie nikahukumiwa, na bado ukaandika kwamba hukujua. Kuivunja injini ningekusamehe kesho yake. Harusi ya dada ni harusi ya dada, ningekutukana tukaenda kula. Lakini hili umenifanyia ukiwa na akili zako timamu, huku unaniita ndugu.

Mtani ana ruhusa ya kuchukua kuku wangu, kuvaa nguo za maiti wangu, kunikashifu mbele ya wakwe. Nilikuruhusu yote hayo na nikayafurahia. Hili sikukuruhusu, na sioni mzee yeyote wa kwenu wala wa kwetu ambaye angekuruhusu.

Gari libaki kwako. Vifaa vyangu vya kuchomelea nitamtuma mtu avifuate, usijisumbue kuvileta kwangu Kimara. Mama yako mpe shikamoo yangu, yeye hana kosa.

Arobaini ya baba ni wiki ijayo. Wajomba wameniuliza kama mtani wangu wa Dar es Salaam atakuja, maana walimpenda sana. Nimewajibu sina mtani Dar es Salaam.

Apolinari Mhoja