Benchi la Mama Msusi

Kambini, 4 Machi

Mwanangu kitindamimba,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na kile kifua kimepoa. Mimi sijambo, ila mkono wa kushoto bado mgumu tangu ulipovunjika tukikimbia ukaunga vibaya.

Nina jipya. Zahanati imepata mtaalamu, binti wa rika lako. Nilidhani atanipa vidonge, kumbe akavuta kigoda akaniuliza tangu naamka mpaka nalala huwa nafanya nini. Nikamwambia nakaa. Akauliza, nikichoka kukaa? Nikamwambia nahamia kivulini. Hakucheka. Akataka kujua kwetu nilikuwa nafanya kazi gani. Nikaanza kumweleza habari za saluni yangu, viti vyake, kile kioo kilichojaa ukuta mzima, na sijui nini kilinipata, nikalia mbele ya mtu nisiyemjua.

Anasema kazi yake inaitwa tiba ya shughuli. Anamsaidia mtu kuyarudia mambo aliyokuwa akiyafanya kabla mwili au moyo haujagoma. Mimi nimempachika jina, Bi Shughuli. Amenipa vibanio vya nguo, navibana kwenye kamba na kuvibandua mpaka vidole vinawaka moto.

Mama yako

*

Mjini, 20 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kifua kimepona, nimebaki kupambana na mvuke wa pasi huku dobini hotelini.

Barua yako nimeisoma nikakasirika, nisamehe. Vibanio vya nguo, Mama? Umesuka mabibi harusi wa mji mzima, leo unachezeshwa kama mtoto wa chekechea? Ulichoumia kinatosha. Nimeomba kibali uje kukaa nami, na nimeshapata chumba chenye dirisha. Ukifika, hata kikombe hutanyanyua. Nitapika, nitafua, wewe utapumzika.

Mwanao

*

Kambini, 2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimeshukuru sana kwa chumba na dirisha lake. Ila habari ya kupumzika iache kwanza. Nimepumzika hapa mpaka nikaota kutu.

Nikusimulie. Mkabala na mlango wangu anakaa mama mmoja wa upande ule, unaujua. Tulikuwa tukichota maji bomba moja, kila mtu anaangalia ndoo yake. Ana binti mdogo ambaye tangu watoke kwao hajakubali kichwa chake kiguswe, hata na mama yake. Nywele zilishikana kama sufi ya godoro kuukuu. Bi Shughuli akaniuliza kama naweza kumsaidia. Nikakataa. Nikasema mkono hauwezi. Akaniambia, "Mkono tutaushughulikia. Je, wewe mwenyewe unataka?" Nikarudi nyumbani nimemnunia. Kesho yake nikaenda.

Alikizungushia kitambaa kishikio cha chanuo kiwe kinene nikishike vizuri, akaniwekea mto chini ya kiwiko. Halafu akampa mtoto chanuo, anichane mimi. Basi, siku hiyo ikaishia hapo, nimekaa kama mwanasesere navutwa mvi. Siku nyingine mtoto akaniruhusu niguse ncha za nywele zake. Tuliendelea hivyo, kidogo kidogo, mafuta mengi na hadithi nyingi. Juzi nimemsuka. Mistari imepinda, kwetu ningeifumua nianze upya. Lakini katikati ya kusuka nikahisi kichwa kimekuwa kizito mikononi, kumbe amelala.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia, "Dada, hajalala mchana tangu tuondoke." Ameniita dada, yeye. Nikamsogezea benchi akae.

Mama yako

*

Mjini, 19 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Kibali kimetoka. Nitakuja mwishoni mwa Julai kukuchukua, funga mizigo.

Kuhusu huyo jirani, nimeandika na kuchana karatasi kadhaa. Wale ndio waliotufukuza, Mama. Saluni yako ilichomwa na nani? Siwezi kukuzuia, lakini usiniambie nifurahi.

Mwanao

*

Kambini, 3 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, na mkono unazidi kulainika.

Sikuambii ufurahi. Aliyechoma saluni yangu simjui, na sijamsamehe. Ila huyu mama naye nyumba yake ilichomwa, na kuna mtu wa upande wetu aliyewasha kiberiti. Tumeongea hayo mara moja, tukalia, tukaendelea kutenganisha nywele.

Sasa benchi halikai tupu. Wanawake wa mistari yote miwili ya nyumba, wa kwetu na wa kwao, wanakuja, jirani anaosha vichwa, mimi nasuka, nikichoka namwelekeza yeye. Bi Shughuli ametuombea turubai la kuzuia jua. Umbea unaopita hapo ungekausha nguo zako zote bila pasi.

Mizigo sijafunga. Njoo, tutaongea ukiwa umekaa.

Mama yako

*

Mjini, 10 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Basi liliharibika njiani, lakini abiria walikuwa wacheshi.

Nilikuja huko na begi tupu kwa ajili ya nguo zako. Hotuba yangu niliifanyia mazoezi safari nzima. Nikakukuta umemshika mtu kichwa, kibanio mdomoni, ukanionyesha benchi kwa kidevu kama mteja yeyote: subiri zamu yako. Yule mama akanisogelea na beseni la maji. Nilitaka kuinuka, Mama, kweli nilitaka. Lakini alipoyapima maji kwa kiwiko kwanza, yasiniunguze, nikainamisha kichwa.

Chumba bado kipo. Ukitaka kuja kupumzika mwezi mzima, njoo, kisha nitakurudisha kwa wateja wako. Kikombe utanyanyua.

Wenzangu kazini wanauliza nimesukwa wapi. Mstari wa mwisho, ule ulioumalizia mkono ukiwa umeshachoka, umeanza kufumuka nyuma ya sikio. Mmoja wao alitaka kuubana kwa kibanio. Nimemkataza, asiuguse.

Mwanao, kitindamimba