Violeth Hawezi Kushika Kalamu

Yaeda Chini

Mwanangu Zita,

Shikamoo yako naijibu kabla hujaitamka: marahaba. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mahindi yamelala kwa mvua.

Mwandiko huu ni wa jirani yetu Isidori. Mwanao Violeth alianguka akicheza netiboli shuleni, akaumia mkono wa kulia. Nikamwambia, "Nyamaza, mpira uliutaka mwenyewe!" Nikamfunga vijiti na kitambaa, nikakaza, kama ninavyowafunga mbuzi wakivunjika. Wao hupona.

Leo akaniambia, "Bibi, hauumi tena." Nikafurahi, mjinga mimi. Kumbe vidole vimevimba, vya baridi. Nikavifinya kwa kucha, hakushtuka. Mbuzi angenikimbia.

Vijiti nimevitupa. Tulitoka mbio kwenda hospitali, lakini mto umejaa. Tumekaa hapa ukingoni, Isidori anaandika gotini. Ukiipata barua hii, ujue tumevuka.

Vidole vyake nimeviweka kwapani kwangu, navipasha. Kila mara namwuliza, "Unasikia?" Anajibu, "Nasikia, Bibi." Lakini Zita, kabla ya kujibu ananiangalia kwanza usoni.

Mama yako ninayeyatazama maji,
Bibi yake Violeth