Kumbukumbu ya Cuthbert Thirlwell, Liki Zake, na Aliyezikata

Baba,

Mwaka umetimia tangu ulipotuacha, asubuhi ile ya Novemba, umekaa kwenye kiti chako cha jikoni na viatu vya bustani miguuni. Mama alikuwa amekukataza kuingia navyo ndani tangu mlipooana. Siku hiyo hakukuvua.

Hesleyburn ni ile ile na mvua ni ile ile. Kuta za mawe ulizojenga kuanzia kanisani hadi malisho ya juu zimesimama bila tone la saruji, na kondoo wa watu bado wanashindwa kuziruka. Ulikuwa mtu wa maneno machache. Mtu akikusifu, ulitazama chini. Wajane wa kijiji hiki walikunywa supu yako kila vuli, maana maonyesho ya mboga yakiisha uligawa liki zako zote, zile mboga ndefu za jamii ya kitunguu, mlango kwa mlango, ukaondoka kabla hujashukuriwa.

Tusiseme uongo, tulizionea wivu liki zile. Hukuwahi kwenda nasi pwani mwezi wa Agosti. Kwenye harusi yangu uliondoka keki haijakatwa, eti jua kali, zitanyauka. Uliziimbia. Ulizinywesha bia nyeusi ambayo daktari alikwambia wewe mwenyewe uiache. Lakini zile hazikuwa mboga tu. Hazikutokana na mbegu ya dukani. Babu yako alichukua vichipukizi kichwani mwa liki yake bora, akampa mwanawe, naye akakupa wewe, katika tuta lile lile nyuma ya nyumba. Kina Thirlwell wote wamelala pale makaburini, na liki yao ilikuwa ingali hai.

Sasa tuje kwa Jirani. Jina lake hatuliandiki, kwa kuwa hili ni jarida la kanisa na kasisi ametuomba. Wa Hesleyburn wanamjua.

Wiki ya maonyesho, mwaka jana, uliamka ukakuta zote zimekatwa kwa kisu, mkato wa mshazari, juu kidogo ya mizizi. Ulimwita Mama peke yake, naye hakutuambia sisi watoto hadi ulipofariki. Mkazichoma kabla kijiji hakijaamka, ukawaambia watu wa kilabu cha liki kwamba zimeingiwa na ugonjwa wa kutu. Ukaona aibu wewe, wewe uliyekosewa. Jirani akachukua kombe kwa liki zake, nawe ukampa mkono wa pongezi. Tangu hapo hukupanda ngazi bila kupumzika katikati, na Novemba haikukubakiza.

Jirani alibeba jeneza lako, bega la mbele. Baada ya mazishi alikaa sebuleni kwetu na sahani ya nyama ya nguruwe magotini, akamwambia Mama, akikutaja kwa jina lako la kifupi, mdomo umejaa:

"Maskini Cuddy. Kilichomuua ni zile liki, Mavis. Mtu mzima na akili zake, kweli unazikata za mwenzako mshazari namna ile?"

Mama alikuwa anamimina chai. Hakumwaga hata tone. "Ongeza haradali," akamwambia.

Nilimfuata jikoni. "Mama, huyu amejuaje? Si Baba alisema ni kutu?"

"Nimesikia."

"Basi naenda kumtoa nje sasa hivi."

"Mwache ale, Hazel. Mwaka ni mrefu."

Kikulacho ki nguoni mwako, Baba. Alikuwa anaingia kwetu bila kubisha hodi, na kiti chake kilikuwa karibu na moto.

Kisu chake hakikufika kwenye banda la vioo, ambako ulikuwa umeiacha liki mzazi itoe vichipukizi. Mama alivikusanya wiki ile ile tuliyokuzika. Yeye ambaye hakuwahi kushika jembe alivilea mwaka mzima, na mguu wake mbovu. Mara nyingine alimwomba Jirani ushauri wa mbolea, akamshukuru sana, kisha akafanya kinyume.

Septemba hii alikwenda kwenye mkutano wa kilabu, akasimama akiegemea fimbo yako.

"Nina maneno mafupi," akasema. "Mwaka jana Cuddy aliwaambia ni kutu. Haikuwa kutu. Mtu alizikata." Norman wa kaunta akaacha kufuta bilauri. "Mwaka huu nimepanda zile zile. Wanangu wako mjini, na mimi kwa mguu huu siwezi kukesha nje. Namtaka mtu mmoja tu azilinde wiki hii, rafiki aliyembeba mume wangu." Akamgeukia Jirani. "Utanikatalia?"

"Mavis, na zangu nani atazilinda?"

"Zako nani ana haja nazo?" akadakia mzee Percy. "Nenda kakae na mama wa watu. Kwani usingizi una haraka nao ya nini?"

Watu wakacheka. Jirani hakucheka.

Basi akakaa, Baba. Wiki nzima, kwenye kiti chako, mvua ikimpiga, ametazamana na liki nene kuliko zake, akijua zikipata hata mchubuko ataulizwa nani kama si yeye. Mama alimpelekea chai bila sukari, na kijiji kizima kinajua anavyopenda sukari. Kila alipoinamisha kichwa, dirisha la juu lilifunguka, Mama akakohoa. Za kwake hatukuzigusa, tunaapa. Hakuamini, alikuwa akikimbia kila alfajiri kwenda kuzitazama.

Siku ya maonyesho walizing'oa pamoja. Akiwa amepiga magoti topeni, akasema, "Mavis, mwaka jana ni mimi."

"Najua. Shika vizuri, utavunja mizizi."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya mazishi."

Akalia. "Nisamehe, dada yangu."

"Mimi hukunikata kitu. Kamwombe mwenyewe."

Kombe ni lako. Mama aliziandikisha kwa jina lako, na lilipotajwa, Jirani alipiga makofi kuliko wote, macho chini. Kasisi anasema sasa yatosha, tumwache. Tumemsikia.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili ibada ikiisha, anakuja kaburini kwako, kofia mkononi, anasimama akichezesha midomo. Watu walidhani ni upendo. Baada ya kusoma haya hawatadhani tena. Tunakujua, Baba, moyo wako ulikuwa mwepesi mno, ulimsamehe kila mtu kabla hajamaliza kuomba. Tunakusihi mara hii moja tu. Akija, usimjibu.

Tunaokulilia ni mkeo Mavis, watoto wako Hazel na Lance, wajukuu wako Isla na Robbie, na dada yako Dorothy.

Wewe hatutakusahau kamwe. Na yeye pia.