Kiuno Ulichonitumia

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tunasukuma siku. Mama bado anagombana na ngazi za nyumba hii, lakini anakula na kulala vizuri.

Mimi, kusema kweli, nina hofu, na hofu yenyewe ni juu yako.

Yale magamba ya viwikoni na kichwani, soriasisi, tumeyarithi kwa baba. Wewe ukalaumu vumbi la saruji ghalani, mimi nikalaumu rangi za vitambaa. Majuzi yalinizidi mpaka nikatia damu kwenye shela la bibi harusi. Nikakimbilia kliniki kutafuta mafuta ya kupaka, basi.

Nesi akatoa tepu, akanizungushia kiunoni. Nikabana tumbo, kama wateja wangu wanavyonifanyia kila siku. Akacheka, akaniambia nipumue tu, hanishonei gauni. Kisha akapima presha, akatoa damu. Presha iko juu, na sukari nayo.

Nikamuuliza daktari, mimi nimeleta ngozi, sukari inatoka wapi? Akanieleza kwamba ugonjwa huu hauishii kwenye ngozi. Unachokoza mwili hadi ndani, na mara nyingi huandamana na unene, kisukari, presha na maradhi ya moyo. Si kila mwenye magamba atayapata, lakini inafaa apimwe. Halafu akauliza kama nina ndugu mwenye ngozi kama yangu. Kaka, nikakutaja wewe hapo hapo.

Maana vipimo vya suti ulivyonitumia viko hapa mezani, na kiuno kimezidi kifua. Nilidhani wifi amekosea, nikampigia. Akasema amerudia kupima, tena siku hizi unamaliza jagi zima la maji na kiu iko pale pale. Wewe uliponiambia habari hiyo uliifanya mzaha.

Baba naye alikuwa na kiu hiyo hiyo, tukimtania. Alipoanguka bafuni tuliambiwa ni moyo. Magamba yake hakuna aliyeyaulizia.

Ukiipata barua hii, kesho yake nenda kapimwe kabla ya kuingia ghalani. Usiniambie kazi imekubana, wala kwamba hujisikii mgonjwa. Hata mimi sikujisikia.

Nisalimie wifi, na Kidomo binti yako. Mama anakusalimu sana, sijamwambia kitu. Mungu akulinde, akulainishie na huo ubishi.

Suti aliyozikwa nayo baba niliishona mimi. Usinipe kazi ile tena, kaka.

Mdogo wako anayekupenda na kukuogopea,
Fundi