Yaya, Programu Yako Imekwama

Yaya Trésor, kaka yangu mkubwa,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: huwa naijibu programu yako. Kila asubuhi nikiifungua, pale juu inaposema "Karibu Mama, leo twende polepole," mimi nasema kwa sauti ndogo, "Sawa, yaya." Nikisahau kuandika jina la mteja, kinatokea kidirisha: "We! Bila jina tutashonea nani?" Nasema, "Pardon." Mama akiwa karibu najifanya nakohoa. Wenzako wa darasa waliandika "Erreur", yaani kosa, kwenye programu zao. Wewe uliandika kama unavyoongea, na tangu tukuzike mwezi wa pili, hayo ndiyo maneno yako pekee ambayo bado yanaelekezwa kwetu.

Kwa hiyo utaelewa nilivyokuwa wiki ile ya mwisho ya likizo, programu ilipokwama.

Jumanne Mama alitaka vipimo vya watoto wa mtaa wa nyuma. Vitambaa vya sare vilikuwa vimerundikwa juu ya kiti chako, bluu na nyeupe, na rentrée, siku ya kufungua shule, ilikuwa Jumatatu. Watoto wengi tuliwapima Julai kabla hawajapanda magari kwenda kwa bibi zao, wengine Kilwa yetu ya ziwani, wengine Mitwaba, na wangerudi Jumapili jioni. Vipimo vyao vyote vilikuwa mle. Karatasi hatukuwa nazo tena. Unakumbuka vile vipande vya katoni alivyokuwa akiandikia Mama kwa chaki? Siku ulipomaliza programu, yeye mwenyewe alivitia kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akapikia ugali wetu wa bukari, akacheka: "Sasa akili yangu iko mu ordinateur ya Trésor."

Nilibonyeza. Picha yako ikatokea, ikajaza kioo chote, kama kawaida. Haikuondoka. Nikabonyeza juu yake, kompyuta ikatoa ule mlio wake mdogo, ding. Nikabonyeza tena. Ding. Ulikuwa unanitazama ukiwa na suti yako, unatabasamu, na nyuma yako hakuna kilichofunguka.

Nilizima, nikawasha. Picha, ding. Nikafikiri umeme uliokatika Jumatatu umeharibu faili la vipimo. Nilijaribu kulisoma faili lenyewe: majina yalionekana, lakini mahali pa namba palikuwa na alama za ajabu ambazo hakuna mtu angeweza kushonea. Jumatano nilikuwa nikingojea saa chache za umeme kama mgonjwa anavyongojea daktari. Ukifika, nabadilisha mistari mitatu, minne kwa pamoja, najaribu, ding, nasahau nilibadilisha nini. Nililia juu ya vitufe vya klavye, yaya. Ilinibidi kuipangusa kwa sketi.

Alhamisi nilijikaza nikaibeba kompyuta hadi kwa prof wetu wa informatique, mwalimu wa kompyuta shuleni. Unajua nilivyo, nilisimama mlangoni mwake mpaka mke wake akauliza kama nimetumwa kuomba chumvi. Prof aliangalia, akabonyeza mara mbili, akatikisa kichwa.

"Hii imekufa, ma fille. Na ile luga ya Basic ya madirisha alitumia kaka yako, nani anaijua tena? Efface, futa yote. Tutaandika majina ya bantu mu tableau, jedwali safi."

"Na vipimo, prof?"

"Mutapima tena."

"Batoto habako, prof."

"Basi mungojee."

Sikumwambia kuhusu sauti yako. Ningeanzaje? Niliifunga kompyuta nikasema merci.

Nyumbani nilimkuta Mama Béa amesimama kwenye lango letu, mikono kiunoni. Ni yule yule, hajapungua sauti.

"Mama Trésor! Rentrée iko lundi! Béa wangu ataenda masomo na jipe ya mwaka jana, ile inamufika huku?" Akajionyesha juu kabisa ya paja, sketi inapoishia.

"Atapata. Ngojea kidogo," Mama akasema.

"Kidogo ya wapi? Ya huku kwetu Katuba ao ya Ulaya?"

Watu wote barabarani walicheka. Mama naye alicheka, lakini alipoingia ndani aliketi mbele ya cherehani bila kukanyaga. Béa alikuwa kwa bibi yake Kipushi; Mama alikuwa amepanga kuchukua kipimo chake cha mwaka jana na kuongeza vidole viwili. Akaniuliza bila kunitazama:

"Kama imekufa, useme. Mi sitakasirika."

Bado wanamwita Mama Trésor, yaya. Kila anayepiga hodi analitaja jina lako, na yeye anaitika. Sikuweza kusema imekufa. Nilisema, "Haijakufa, Mama," na moyoni nilijua sina sababu yoyote ya kusema hivyo.

Nilikwenda kukaa uani, pale tulipokaa siku ya kile kitufe. Nilikuwa nimekutengenezea kitufe cha "Weka", kikawa kinafanya kazi vizuri, halafu nikaona jina lake si zuri nikalibadilisha. Kikawa kiziwi. Unakibonyeza, kinabonyea, basi. Mchana mzima nilikuwa nikitafuta, sikutaka kukuuliza. Ulipokuja kuangalia ulicheka mpaka ukakaa chini, ukaniita kwa lile jina ulilonipa.

"We Kitabu! Umemubadirisha jina, lakini maagizo umeachia mwenye jina la zamani. Nani ataitika?"

Niliona haya, nikataka kuingia ndani. Ulinivuta kwa mkono, ukanikalisha, na ukawa mpole ghafla. Ulisema, "Usibahatishe. Weka apostrophe mbele ya mustari moja, mashine itauruka. Jaribu. Kama haiko ule, urudishe, nenda kwa mwingine." Na jingine ulilisema ukinyanyuka, ukipangusa vumbi: "Ukiona haitembei na haikusema erreur, haikukufa. Iko inangojea kitu."

Jumamosi asubuhi umeme ulikuja. Nilifungua programu upande wa ndani, mistari yako yote, nikaanza kama ulivyonifundisha. Apostrophe kwenye mstari mmoja, najaribu, ding, narudisha. Mwingine. Mwingine. Mama alikuwa akikata tu vitambaa ambavyo havihitaji kipimo, kola na mifuko, na hata hivyo vilikuwa vinakwisha. Nilikuwa naomba huku naandika. Nilikuomba wewe, nadhani.

Ukabaki mstari mmoja ambao sikuwa nimeugusa. Niliuandika mimi, si wewe. Julai, Mama alipokuwa hataki hata kuifungua kompyuta, niliongeza dirisha la picha yako: litokee kwanza, lijaze kioo, likae juu ya madirisha mengine yote wakati faili linasomwa, kisha lijiondoe. Mama aliipenda. Alikuwa anaisalimu. Kila nilipofika kwenye mstari ule niliuruka, nikasema hauwezi kuwa huo. Ukweli ni kwamba sikutaka kuweka alama ya kukunyamazisha kwa mkono wangu.

Niliiweka. Nikabonyeza.

Picha haikuja. Katikati ya kioo kitupu kulikuwa na kidirisha kidogo cha kijivu, kilichokuwa kikikaa nyuma ya picha yako tangu Jumanne, kikingojea:

"TRÉSOR. Huyu tulimupima tangu mwaka. Batoto banakomea. Tumupime tena?"

Chini yake, vitufe viwili, Oui na Non, ndiyo na hapana.

Nilikuwa nimesahau, yaya. Wewe ndiwe mteja wa kwanza. Mama alikupima suti ya diploma, ukasema uandikwe namba moja ili kujaribu kama faili linashika, ukajinyoosha kama askari huku Mama akikupiga bega, "Simama muzuri, unafanya nitakosea." Ni suti ile ya kwenye picha. Ni ile uliyolala nayo. Na ulikuwa umeficha mle swali ambalo hukumwambia mtu, kwa kuwa mwaka ulikuwa haujafika hata mara moja. Uliwafikiria watoto wanaorefuka. Hukujifikiria wewe.

Sikubonyeza kitu. Nikamwita Mama.

Alikuja na mkasi mkononi. Macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo, akasema, "Soma." Nikasoma. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena, na mara hii nilishindwa kufika mwisho. Mama akaweka mkasi juu ya meza.

"Iko anaongea vile vile," akasema.

Nikamuuliza nijibu nini.

Alisogea karibu na kioo. Kisha akaweka mkono wake wazi mbele yake, hewani, kwenye kimo cha bega lako, kama anavyofanya anapokata bila kupima.

"Weka Non. Vipimo vyake mi ninavijua. Lakini usimufute."

Nilibonyeza Non. Kidirisha kikafungika, na papo hapo kikaja kingine: "BÉA. Huyu tulimupima tangu mwaka. Batoto banakomea. Tumupime tena?" Mama akacheka huku anajifuta uso na kitambaa cha sare ya mtu. "Unaona? Na mi nilitaka kuongeza vidole mbili tu." Nilibonyeza Oui, programu ikaacha nafasi za Béa wazi, na nyuma yake ikafunguka yote, majina yote na namba zote. Mama alirudi kwenye cherehani na akakanyaga.

Najua ungetaka nikwambie kwamba nimepona. Sijapona. Wiki nzima niliogopa utakufa mara ya pili, na hata sasa nikisikia ule mlio moyo unashtuka. Bado sijui nitafanya nini siku kompyuta hii ikichoka kabisa. Sina wa kumuuliza anayejua ulivyofikiri. Ninayo mistari yako tu, naisoma polepole.

Mchana ule niliipunguza picha yako, nikaihamishia kwenye kona ya juu, na nikaiondolea amri ya kukaa juu ya madirisha mengine. Kisha nikasoma sehemu ya swali, uone kama ninakufuata: mtu akijibu Non, programu inaandika tarehe ya leo, na baada ya mwaka inauliza tena. Mstari huo sikuugusa. Nilihifadhi, nikafunga kompyuta, nikachukua utepe shingoni mwa Mama. Béa alikuwa amefika kutoka Kipushi. Nikavuka barabara kwenda kumpima.

Pumzika, yaya. Huku tunaendelea kupima.

Mdogo wako,
yule uliyemwita Kitabu